Buibui wa Mlimani na Buibui wa Kihonda

Wiki ile nilikosa usingizi kwa sababu ya buibui wawili ambao hata mmoja sikuwa naye. Wa kwanza alikuwa wa mlimani, mweusi, anaishi kwenye ukingo wa shamba la ukoo wetu huko juu Uluguru. Wa pili alikuwa wa Kihonda, mtaa wa huku mjini chini ya mlima, rangi ya maganda ya karanga, anaishi chini ya matofali mabovu nyuma ya nyumba ya mama yangu mdogo. Wote wawili ni tarantula, jamii ile ya buibui wenye manyoya na miguu minene, lakini ni vibete. Hata mmoja wao akinyoosha miguu yote minane hafikii upana wa kiganja changu, na kiganja changu si kikubwa. Nilitaka kufuga mmoja. Sikujua yupi.

Najua jambo hili linavyosikika. Mtu mwenye shahada ya kilimo, anayekaa kwa mama yake mdogo bila kazi, anatakiwa akose usingizi kwa mambo mengine. Hayo mengine nilikuwa nimeshayakosea usingizi mwaka mzima, yakachakaa. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata hofu zangu za zamani zilinichosha. Hii ya buibui angalau ilikuwa mpya.

Ilianza chuoni. Mwaka wa mwisho nilifanya utafiti wa buibui kwenye mashamba ya kabichi na karoti. Kazi yenyewe ilikuwa kufukia vikombe vya plastiki ardhini, midomo ikilingana na udongo, ili wadudu watumbukie. Asubuhi nilipita nikiwaokota, nikawatia kwenye chupa za spiriti na kubandika lebo. Spiriti haiui papo hapo. Buibui mkubwa kidogo huendelea kupiga miguu kwa muda, kama anayejaribu kukumbuka njia, halafu huikunja yote kwa pamoja. Nilijifunza kutazama pembeni. Nilipata daraja zuri, na wasimamizi walisifu lebo zangu. Nilipokwenda kuchukua cheti niliuliza habari za chupa zangu, nikaambiwa zimemwagwa maana kabati lilihitajika kwa kazi nyingine.

Sikulia wala sikulalamika. Nilisema asante, nikaondoka na cheti kwenye bahasha. Lakini tangu siku ile nilikuwa na wazo moja lisilotoka kichwani: nimfuge buibui mmoja mpaka afe mwenyewe kwa uzee. Jike akitunzwa anaishi miaka mingi. Nilitaka pawepo na kiumbe kimoja, hata kidogo namna gani, ambacho kiko hai kwa sababu yangu. Na hapo ndipo woga ulipoingilia. Nikikosea kuchagua, nitamuua na huyu pia, tena taratibu, kwenye kopo, mbele ya macho yangu.

Kabla ya kuchagua nilihitaji ruhusa. Mama mdogo ni msusi. Anasukia kibarazani, chini ya kivuli cha bati, na mimi kazi yangu ni kumchambulia rasta, nywele za bandia za kusukia, na kumpa anapoinua mkono. Siku ile mteja alikuwa mmoja tu, mama mnene mwenye maneno, muuza nyanya, ameinamisha kichwa mapajani mwa mama mdogo.

"Mama mdogo, naomba kufuga kitu," nikasema.

"Sungura wanakufa. Wa jirani wamekufa wote."

"Si sungura."

"Kuku wataninyea kibaraza."

Nilimsubiri yule mteja atoke kwenda chooni, ndipo nikasema: buibui. Mama mdogo alikuwa na kitana mdomoni. Alikitoa.

"Wale wa darini hawakutoshi?"

"Hatuna dari, mama mdogo."

"Wa kwenye bati basi. Hawatoshi?"

"Huyu ni wa aina nyingine. Ana miguu minene."

"Ana manyoya?"

"Kidogo."

Akakiweka kitana chini. "We mtoto, unaijua kazi yangu?"

Niliijua. Kila mwanamke anayesukwa pale, akimaliza, huinama na kuokota nywele zake zilizoanguka. Huzikunja kwenye karatasi au pembe ya khanga na kuondoka nazo. Hakuna anayesema kwa nini, na hakuna anayeuliza. Mama mdogo mwenyewe hufagia mara mbili, mara ya pili mbele ya mteja ili aone. Jina lake zuri mjini limejengwa juu ya ufagio ule.

"Siku watakayosikia ndani humu kuna mdudu wa manyoya," alisema kwa sauti ya chini, "nitabaki nasuka mikeka. Sikukatalii, maana hujaniomba kitu tangu umalize chuo. Lakini awe mdogo, asitoke, na wateja wasijue. Nikimwona nje ya kopo hata mara moja, mnahama wote wawili."

Mteja alirudi akikung'uta maji mikononi. "Mnateta nini? Msomi, bado unaomba kazi au siku hizi kazi inakuomba wewe?"

"Bado naomba, mama."

"Endelea kuomba. Hata mbinguni kuna foleni."

Kwa hiyo alitakiwa awe mdogo na asiwe mtembezi. Hiyo iliondoa buibui wakubwa wa rangi ya machungwa wanaochimba kwenye nchi kavu, wanaokimbia kama maji yaliyomwagika na wanaong'ata kwa hasira. Wakabaki vibete wawili, wa mlimani na wa Kihonda. Mtu mwingine angechukua wa Kihonda, ambaye alikuwa hatua ishirini kutoka kitandani kwake, akaendelea na maisha. Mimi nilikwenda kutafuta ushauri.

Pale Bigwa, mtaa mwingine wa mjini, anaishi mzee aliyekuwa fundi wa maabara wakati nasoma. Ndiye aliyenionyesha jinsi ya kushika buibui kwa brashi ya rangi badala ya koleo. Sasa amestaafu na anakuza miche ya mipapai kwenye viroba. Nilimkuta akimwagilia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umepata kazi?"

"Bado, baba."

"Basi kaa, nipe hicho kikopo."

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akihama kutoka kiroba hadi kiroba, na mimi nikimfuata na ndoo. Wa Kihonda alimjua vizuri. Alisema ni mvumilivu, hula kidogo, na hutanda utando mwingi kama pazia, kwa hiyo hana haja ya kutoka. Tena wanaweza kuishi wengi pamoja chini ya tofali moja, kama wapangaji, bila kulana sana.

"Bila kulana sana?" niliuliza.

"Wapangaji gani wasiolana kabisa?"

Halafu nikamuuliza wa mlimani. Alimalizia kwanza kiroba kimoja.

"Yule nimemwona mara mbili, tatu. Mweusi, mgongoni ana mng'ao kama wa mafuta juu ya maji. Jina lake silijui. Nimetafuta kwenye vitabu vyote tulivyokuwa navyo. Huenda hana."

"Hana jina?"

"Huenda. Mlima ule una vitu vingi ambavyo haviko mahali pengine, na vingine havijaandikwa na mtu. Lakini wewe unauliza wa kufuga." Akanigeukia. "Chumba chenu Kihonda, umesema hamna dari?"

"Hatuna."

"Saa nane mchana kunakuwaje?"

"Kama chunguni."

"Na kule juu saa nane mchana kunakuwaje?"

Alijua jibu kama mimi. Kule juu saa nane mchana ukungu huwa umeshashuka na watu wamevaa masweta.

"Wa Kihonda utamkosea mara tano na ataendelea kula," alisema. "Yule mwingine ukimkosea mara moja, basi. Sasa wewe unamtaka yupi?"

"Sijui, baba."

"Miaka yote ile chuoni," alisema, si kwa ubaya, akachukua ndoo.

Ningetulia kama asingesema lile neno kwamba huenda hana jina. Nililala nalo. Nikawaza kwamba kama hana jina basi hakuna anayemjua, na kama hakuna anayemjua, labda mimi ndiye niliyetakiwa kumjua. Halafu nikawaza kwamba huo ni ujinga wa mtu asiye na kazi. Halafu nikawaza kwamba ningeweza kufunga kitambaa chenye maji kuzunguka kopo, nikawa nalowesha kila saa, kwani saa ninazo. Halafu nikawaza siku nitakayoitwa kwenye usaili Dodoma nikae siku mbili. Nani atalowesha? Hivyo mpaka asubuhi.

Jumamosi nilipanda mlimani, kutazama tu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, ingawa kwenye begi nilikuwa na kontena la plastiki lenye matundu niliyoyatoboa kwa sindano ya moto.

Shamba la ukoo liko juu ya kijiji cha misheni, mwendo wa saa mbili kutoka barabara inapoishia. Analilima mjomba, kaka mkubwa wa marehemu mama yangu. Ni kipande cha mteremko kilichokatwa ngazi ngazi, kabichi juu, karoti chini, na kati ya ngazi mbili kuna ukingo wa udongo mwekundu unaofika kiunoni, umeota majani na kuvu. Ndani ya ukingo ule kuna matundu madogo, kila moja limezungushiwa utando mdomoni kama kola ya shati. Niliwaona mara ya kwanza nikiwa nafanya utafiti. Sikuwahi kuwatoa, kwa sababu vikombe vyangu vilikuwa kwenye matuta, si ukingoni. Ni bahati yao tu, si wema wangu.

Nilipiga magoti nikamulika kwa simu. Kwenye tundu la tatu niliona ncha za miguu minne, nyeusi, zimewekwa kwenye kizingiti. Nilipopumua zilirudi ndani.

Mjomba alikuja akasimama nyuma yangu na jembe begani. Ni mtu mpole mwenye mgongo ulioanza kupinda, na anazungumza kwa ile lafudhi ya watu wa juu, ya kupandisha sauti mwishoni kana kwamba kila sentensi inauliza.

"Mpwa wangu," alisema, "huu ukingo nataka kuukata nipanue tuta la kabichi. Nitaanza Alhamisi. Unasemaje?"

Nilikuwa nimepiga magoti, nikiwaza kama kopo lingekaa vizuri chini ya kitanda, ambako sakafu ya saruji hupoa kidogo. Nilisimama, nikafuta magoti, nikasema kile ambacho kijana yeyote mwenye malezi angesema kwa mkubwa wake.

"Wewe ndiye mkubwa, mjomba. Fanya utakavyoona."

"Sawa. Nimesikia."

Alikaa kidogo, kama anayesubiri niongeze kitu. Sikuongeza. Tulikula viazi vikuu, nikaaga. Sikuchukua buibui, kwa sababu nilikuwa bado sijaamua, na nilishuka nikijilaumu kwa kutoamua.

Jumapili jioni nilikuwa nachambua rasta. Mama mdogo alikuwa akimsuka yule muuza nyanya tena, aliyeona mstari mmoja umelegea. Nilisimulia habari za mlimani, nikaruka sehemu ya buibui. Nilisema tu kwamba mjomba anakata ukingo Alhamisi.

Vidole vya mama mdogo vilisimama. "Alikuuliza?"

"Aliniuliza nasemaje."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia yeye ndiye mkubwa, afanye atakavyoona."

"Mungu wangu."

"Kwa adabu tu, mama mdogo."

"Adabu yako imeukata ukingo." Alivuta fundo kwa nguvu, mteja akasema ah. "Unafikiri alikuwa anakusalimia? Kwetu ardhi inafuata tumbo la mama. Mjomba wako ni mlinzi tu. Watoto wake wa kuwazaa wanalima kwa mama yao, hata kuni hapo wanaomba. Mimi nilipokuja huku mjini niliacha neno langu la shamba kwa mama yako. Mama yako hayupo. Umebaki nani?"

Nikachambua rasta ambayo nilikuwa nimeshaichambua.

"Ukingo ule aliufanya bibi yetu. Mjomba wako asingeweza kuugusa bila kumuuliza mtu wa tumbo lile. Akakuuliza, na wewe ukamwambia kata."

"Sikusema kata."

"Ulisema nini?"

Muuza nyanya alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Msomi kasaini bila kusoma!"

"Nimpigie simu?" niliuliza.

"Mambo ya ardhi hatusemi kwenye simu. Unapanda, unasimama pale pale, unasema. Kama una la kusema." Kisha, bila kunitazama: "Unalo?"

Hilo ndilo nililokuwa silijui. Nilikuwa na siku tatu. Jumatatu niliwaza mjomba alivyopinda mgongo akilima mteremko ule, na mimi ninavyokula ugali wa dada yake mdogo bila kutoa jasho. Nani mimi wa kumnyima safu mbili za kabichi? Jumanne niliwaza njia ya tatu: niende niwatoe buibui wote kabla ya Alhamisi, niwalete Kihonda. Nilikaa chumbani saa nane mchana, mlango umefungwa, nikihesabu dakika ambazo mimi mwenyewe ningeweza kuvumilia. Bati lilikuwa likilia kwa joto. Nilitoka shati likiwa limenigandia.

Jumatano ningeweza kwenda. Sikwenda. Nilichukua karatasi nikaandika upande mmoja sababu za kusema na upande wa pili sababu za kunyamaza, nikajaza karatasi, nikaigeuza, nikajaza na nyuma. Upande wa kunyamaza ulikuwa mrefu zaidi. Kila nilipousoma nilikumbuka zile chupa, na jinsi ambavyo pia sikuwa nimesema kitu isipokuwa asante.

Alhamisi asubuhi niliondoka bila kunywa chai. Pikipiki ilinifikisha barabara inapoishia, nikapanda kwa miguu nikipishana na kina mama wanaoteremsha mizigo ya mboga kichwani, wakinisalimia bila kupunguza mwendo. Mmoja aliniuliza kama ninafukuzwa. Nilitaka kumjibu lakini sikuwa na pumzi.

Kabla sijafika nilisikia jembe. Lilikuwa linapiga kwa utulivu, sauti ya mtu asiye na haraka. Nilipotokea juu ya tuta nilikuta sehemu ya ukingo, karibu nusu, imeshakuwa udongo mlaini uliotandazwa. Ungekuwa mzima kama ningekuja Jumatano.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kusaidia?"

"Nimekuja kusema neno."

Sikutegemea kilichofuata. Mjomba alichomeka jembe ardhini, akavua kofia, akaifuta mikono yake kwenye suruali, akasimama wima kadiri mgongo ulivyomruhusu. Hakuna mkubwa aliyewahi kunisikiliza hivyo. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani yote yalinitoka kichwani.

"Sema," alisema.

"Naomba uishie hapo. Sehemu iliyobaki, ibaki."

"Kwa sababu gani?"

"Kuna buibui."

Alinitazama kwanza kuona kama natania. Halafu akacheka, kicheko kirefu cha kikohozi, akaketi juu ya bonge la udongo. "Buibui! Mimi nikafikiri umeota ndoto ya mama yako." Alijifuta macho. "Sawa. Hao buibui, wanakula viwavi wa kabichi?"

Nililiona lile swali jinsi lilivyo. Alikuwa ananipa mlango. Ningesema ndiyo, wanalinda kabichi, nimesomea, mambo yangeisha, naye angepata la kuwaambia majirani. Nilifungua mdomo kusema ndiyo.

"Si sana, mjomba. Wanakaa shimoni tu. Wanakula kinachopita mlangoni."

"Basi wanafaa nini?"

"Sijui. Wanakaa hapa. Nilipokuwa nasoma niliua wengi sana wa kila aina, na hata hawakutumika. Sitaki wengine wafe kwa sababu nilinyamaza."

Alivunjavunja bonge la udongo kwa vidole. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka kwenye miti ya juu.

"Mama yako alinizuia kukata mti pale chini," alisema hatimaye. "Hakunipa hata sababu. Wewe angalau umeniletea ya kuchekea." Alivaa kofia. "Neno nimelisikia. Lakini kabichi nazo zinataka pa kukaa. Pale chini kuna kipande kimejaa magugu. Ukizuia huku, unafungua kule. Wewe, si mimi."

Alinipa jembe. Nililima mpaka kengele ya misheni ikalia adhuhuri, na baada ya hapo nikalima tena. Shahada yangu ya kilimo ilinisaidia kujua majina ya magugu. Malengelenge yalitoka kiganja cha kulia, yakapasuka, nikafunga leso. Mjomba alipita mara moja, akaangalia, akasema tuta limepinda, akaondoka. Nilinyoosha tuta. Ajabu ni kwamba kwa saa zile sikuwaza chochote. Nilikuwa nimechoka kwa namna nyingine, namna yenye mwisho.

Baadaye mjomba akachonga vigingi vinne vya kuonyesha ukingo unaobaki. Nilidhani atavipigilia. Akanikabidhi jiwe. "Piga wewe. Akija mtu kuuliza nani aliyeweka, nisidanganye." Nikapiga, kimoja kikapasuka, akachonga kingine.

Ndipo aliponiita kutoka kwenye udongo uliokatwa.

"Mpwa, njoo. Huyu hapa mtu wako."

Juu ya bonge jekundu alikuwa amesimama, miguu yote nje, mweusi kabisa. Mwanga wa ukungu ulipompiga mgongoni niliuona ule mng'ao, zambarau na kijani, unaosogea kila alipogeuka kidogo. Kando yake palikuwa na kipande cha utando kilichobanwa na udongo, kola ya shati iliyokanyagwa.

"Nyumba yake nimeshaibomoa," mjomba alisema. "Hana kwake. Mchukue tu, si ndiye uliyemtaka?"

Kontena lilikuwa bado kwenye begi tangu Jumamosi. Nililitoa, nikafungua kifuniko. Nilimtaka kweli. Nilimtaka kuliko nilivyotaka kitu kwa muda mrefu, na safari hii hata sababu ilikuwepo, kwamba hana makazi. Niliweka kidole nyuma yake, akapiga hatua mbili kuelekea kopo, akasimama ukingoni mwa plastiki na kuigusa kwa mguu wa mbele. Plastiki ilikuwa na joto la begi langu.

Nikafunga kifuniko kabla hajaingia. Nilichukua kijiti, nikaenda kwenye sehemu ya vigingi, chini ya mzizi ambako udongo ulikuwa na unyevu, nikatoboa tundu la mteremko, refu kama kidole changu cha kati. Nilimsogeza kwa jani mpaka mdomoni. Alikaa pale muda ambao niliuona mrefu sana. Halafu akaingia, kwanza kichwa, na miguu ya nyuma ikafuata mmoja mmoja. Kama ataishi sijui. Najua kwamba pale kuna baridi aliyoizoea.

"Umepanda mlima wote huu," mjomba alisema, "ukalima mpaka mikono ikatoka damu, na unashuka na kopo tupu."

"Ndiyo, mjomba."

"Haya. Bebea basi mama yako mdogo kabichi."

Ijumaa asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, nilikwenda nyuma ya nyumba nikainua tofali. Viganja viliniuma. Chini yake palikuwa na shuka la utando lenye vumbi, na ndani yake buibui wa kahawia, watano au sita, wa ukubwa tofauti, wakatawanyika kwenye mikunjo. Nilihisi swali jipya likija: mmoja au wote? Nilichagua jike mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa peke yake pembeni, nikamsukuma kwa brashi ndani ya kontena, nikarudisha tofali taratibu lilivyokuwa. Haikuchukua hata dakika tano.

Nilikuwa nimemwekea udongo mkavu, gome la mti na kizibo cha soda chenye maji. Aliingia chini ya gome, akatulia. Mama mdogo alikuja akainama, mikono nyuma, kama anayetazama maiti ya jirani.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mbona mdogo hivi?"

"Ndivyo walivyo."

"Na ulikuwa hulali kwa sababu ya huyu?" Akatikisa kichwa. "Anakula nini?"

"Nyenje mmoja kwa wiki. Mara nyingine hali."

"Huyo tutawezana," alisema, akatoka.

Usiku, kabla ya kulala, niliangalia kama kifuniko kimebana. Nikaangalia tena. Mara ya tatu mkono ulikuwa umeshafika, nikaurudisha, nikazima taa, nikafunga mlango.